Mteja Mkuu na Tabaka la Milango

Nchi ninayoisimulia haiko mbali wala haiko karibu. Iko pale pale ilipo. Jina lake silitaji, kwa sababu nilipouliza kama naruhusiwa kulitaja, niliulizwa kwanza nani kanituma kuuliza. Tangu siku hiyo naiita nchi yetu, na sijasumbuliwa.

Mimi ni mwimbaji wa sauti ya tatu katika Kwaya ya Mapokezi ya Taifa. Nasema mapema ili msomaji asije akajiuliza niliyajuaje mambo ya wakubwa. Kwetu hakuna mkutano unaoanza bila wimbo wa kufungua, hata ule wa siri kabisa, na kwa vile hakuna ajuaye mkutano utaisha saa ngapi, wanakwaya hubaki wamepangwa ukutani wakisubiri wimbo wa kufunga. Baada ya muda wakubwa hutusahau. Hutuona kama mapazia tu, na nani anayemshuku pazia?

Basi. Mji wetu wa Chambogo haukuwa na wodi ya wazazi. Wanawake walijifungulia katika ghala la zamani la pamba, vitanda vikitengwa kwa kanga zilizotundikwa kwenye kamba. Mvua ikinyesha, ndugu wa mzazi walisimama kando yake na miavuli, na mkunga alifanya kazi huku maji yakimtiririkia mgongoni. Siku moja mvua ilizidi, ghala likafurika, na wanawake wakapakiwa kwenye lori kupelekwa wilaya ya pili. Mmoja wao alikuwa Zawena, binti wa Bwana Mshindo Kihedu. Mtoto wake, wa kwanza, alifia njiani. Serikali ilituma rambirambi na mwavuli mpya.

Ndipo Mtukufu Mlezi wa Taifa alipotangaza kwamba Chambogo itajengewa wodi ya kisasa kuliko usasa wenyewe. Tena alikuwa ametoka safari ya nje, ambako alioneshwa jengo lililojengwa lote ndani ya kompyuta kabla halijachimbiwa msingi. Alirudi akaamuru kwamba kuanzia sasa hakuna tofali litakalokaa juu ya tofali nchini mwetu mpaka jengo zima, na mabomba yake na nyaya zake, liwe limekamilika kwanza kwenye kompyuta. Bunge lilipiga makofi kwa muda mrefu, kisha likaunda kamati ya kujua limepigia nini makofi.

*

Ugumu ulianzia kwenye neno mteja. Wataalamu walisema jengo hilo la kwenye kompyuta, ambalo wao waliliita mfano, haliwezi kuanza mpaka apatikane mteja, yaani mwenye jengo, aseme anataka nini. Wizara ya Afya ikasema mteja ni Wizara ya Ujenzi. Wizara ya Ujenzi ikasema mteja ni Hazina. Hazina ikasema mteja ni wananchi, na wananchi hawakualikwa. Kila mmoja pale alikuwa ameng'amua jambo moja: mteja ndiye atakayeulizwa.

Mwishowe uteuzi ukamwangukia Bwana Kihedu, yule yule baba yake Zawena. Alikuwa ametumikia karibu maisha yake yote katika Ofisi ya Kusoma Barua za Watu, na sifa yake ilijulikana kote. Hakumwamini mtu. Alijinyoa nywele mwenyewe ili asimpe kinyozi nafasi ya kusimama nyuma yake na wembe, na kichwa chake kilionesha hivyo. Mtu wa namna ile, walisema wakubwa, nani atamuuzia jengo bovu? Akaapishwa kuwa Mteja Mkuu wa Taifa.

Lakini nisimwonee. Bwana Kihedu alimpenda Zawena kupita kiasi, na Zawena alikuwa mjamzito tena. Siku ya kiapo nilimsikia akimnong'oneza mkewe, Bi. Mashavu, "Huyu hatazalia ghalani. Nitajenga mwenyewe kwa meno ikibidi." Alisema huku akitazama kama kuna mtu amesikia. Mimi nilitazama dari.

*

Mtaalamu aliyeletwa alikuwa Mhandisi Nakiete, mwanamke mwenye sauti ya chini na kompyuta kubwa. Tuliimba wimbo wa kufungua, akasubiri tumalize.

"Mheshimiwa Mteja," alianza, "kabla sijachora hata mstari, nina maswali. Hii kazi inaanzia kwako. Siwezi kujua unataka jengo lako lijue nini mpaka uniambie."

"Jengo lijue?" Bwana Kihedu alivuta kiti chake nyuma kidogo.

"Ndiyo. Huu si mchoro wa kawaida. Kila kitu humu kinabeba taarifa zake. Bomba linajua ni la maji gani, limepita wapi na linafungwa kwa koki ipi. Miaka ikipita likapasuka, fundi habomoi ukuta mzima kulitafuta. Anafungua mfano, ukuta unamwonesha."

"Kwa hiyo ukuta unatoa habari."

"Kwa namna ya kusema, ndiyo."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote aliyepewa mfano."

"Yeyote," alirudia Bwana Kihedu, akiwatazama wenzake mezani. Wote waliinamisha macho, kila mmoja akiogopa kuwa ndiye yeyote.

"Swali la kwanza ni rahisi," aliendelea Mhandisi. "Watu wataingiaje?"

Bwana Kihedu alifunga kifungo cha koti. "Nani kakutuma uulize hilo?"

"Hakuna, mheshimiwa. Mama mwenye uchungu anaweza kuja kwa machela, kwa bajaji, pengine kwa miguu. Nikijua, nitajua mlango uwe na upana gani na ukae upande upi."

"Leo unataka kujua wataingiaje. Kesho utataka kujua watatokaje."

"Hilo ndilo swali la pili," alisema Mhandisi.

Mkurugenzi wa Usalama aliandika kitu. Bwana Kihedu alijibu kwamba majibu yote yatatolewa wakati mwafaka, nasi tukaimba wimbo wa kufunga. Mhandisi Nakiete akaenda kuchora kwa kukisia kama mtu mwenye akili angekisia.

*

Mkutano wa pili Mhandisi alikuja na mfano wenyewe. Aliuwasha ukutani, na nakiri nilisahau kuwa mimi ni pazia. Wodi ilikuwa imesimama pale, kuta, paa, vitanda, taa. Mhandisi alikamata kitanda kwa kidole, akakipitisha mlangoni, kikapita ukumbini, kikapinda kona, kikaingia chumba cha upasuaji bila kugusa popote. Kisha akaanza kuzima vitu tabaka baada ya tabaka. Alizima kuta, yakabaki mabomba. Alizima mabomba, zikabaki nyaya.

Bwana Kihedu alitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu, na nadhani uso wake nao haukuwa umezoea. "Zawena atalala hapa," alisema, akigusa kitanda cha karibu na dirisha.

"Wote tutaufanyia kazi mfano huu mmoja," Mhandisi alieleza kwa furaha, "sehemu moja, wa maji, wa umeme, mkandarasi, wote tunaona kitu kile kile. Na kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya."

Tabasamu likaondoka, si usoni kwa Bwana Kihedu peke yake.

"Hata akilifuta?" aliuliza Mkurugenzi wa Maji.

"Hata akilifuta."

"Hata kama alikuwa anafuta kwa nia njema?" aliuliza Mkurugenzi wa Umeme, akijifuta jasho.

Bwana Kihedu alisimama. "Mhandisi, hayo matabaka uliyokuwa ukiyazima. Unaweza kuyazima kwa mtu mmoja, mwingine akaendelea kuyaona?"

"Inawezekana, lakini..."

"Basi kila ofisi itaona linaloihusu. Wa maji aone mabomba tu. Wa umeme aone nyaya tu."

"Mheshimiwa, wa maji asipoona kuta, atajuaje bomba lipite wapi?"

"Atajua cheo chake kikipanda."

Mhandisi alijaribu kueleza kwamba faida kubwa ya mfano ni kugundua migongano mapema, bomba likikutana na nguzo, waya ukikatiza dirisha. Mkurugenzi wa Umoja wa Kitaifa alimkatiza kwa upole. "Nchi yetu haina migongano," alisema. Na kweli, kompyuta ilipoulizwa, haikupata hata mmoja, maana hakuna vitu viwili vilivyoachwa kwenye picha moja.

Halafu Bwana Kihedu akaegemea meza na kuuliza swali ambalo, naona sasa, lilikuwa limemnyima usingizi. "Adui akitaka kuingia katika jengo hili, atapita wapi?"

"Mlangoni," alisema Mhandisi.

"Enhe!"

Hapo hapo Tabaka la Milango likatangazwa kuwa siri ya daraja la juu kabisa, la kuonwa na Mteja Mkuu peke yake, kwa neno la siri alilolichagua mwenyewe akiwa amejifunika koti kichwani. Mhandisi aliuliza fundi atajengaje mlango asiouona. Alijibiwa kwamba mkandarasi akihitaji milango ataomba rasmi. Alipopinga, alielezwa kuwa pingamizi lake limepokelewa, ila daraja lake halimruhusu tena kulisoma.

*

Mkandarasi, Bwana Fumo, alikuwa mtu mwangalifu. Mkataba wake ulisema ajenge kama mfano unavyoonesha, bila kuongeza wala kupunguza. Kwenye mfano aliopewa hapakuwa na mlango. Aliusoma utaratibu wa kuomba milango akakuta kwamba anayeomba lazima kwanza aeleze amejuaje kama ipo. Bwana Fumo alikuwa na mke na watoto. Hakuomba.

Bwana Kihedu naye alisubiri ombi. Lilipochelewa, hakufikiri kwamba mkandarasi anaogopa. Alifikiri kwamba mkandarasi ameshajua milango ilipo kwa njia nyingine. Akabadilisha neno la siri.

Kuta zikapanda. Mafundi waliingia na kutoka kwa ngazi, juu ya ukuta, na waliokuwa ndani wakipaka rangi na kupanga vitanda walitolewa kwa kamba kabla paa halijafungwa. Sisi watu wa Chambogo tulikuwa tukipita pale tukienda sokoni. Tuliuona ukuta mweupe, madirisha madogo ya juu karibu na paa, na ukuta tena. Mtu akifika kona hupunguza mwendo, hutazama, kisha huendelea na safari yake. Kila mmoja aliamini mlango upo, ila yeye ndiye hajafikia ngazi ya kuuona. Mimi mwenyewe niliona ni sawa kabisa kwamba sauti ya tatu haioneshwi milango.

Siku ya ukaguzi Bwana Kihedu alilizunguka jengo akilipapasa. Tulimfuata tukiimba. Alisimama mahali ambapo kompyuta yake ya mkononi ilimwonesha mlango mpana wa mbao, akautazama ukuta mtupu kwa muda, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi," alimwambia Bwana Fumo. "Hata mimi siuoni."

Bwana Fumo alivua kofia. "Tunajitahidi, mheshimiwa."

Wiki hiyo hiyo ghala la pamba likabomolewa, ili lisije likaaibisha ufunguzi.

*

Siku ya ufunguzi mvua ilianza asubuhi. Mtukufu Mlezi alifika chini ya mwavuli mkubwa, akahutubia. Alisema yapo mataifa yenye majengo yasiyo na akili, lakini sisi sasa tunayo majengo yenye akili kutushinda, na sauti yake ilitetemeka kwa fahari. Utepe ulikuwa umepigiliwa ukutani kwa misumari. Aliukata, tukaimba, wageni wakapiga makofi wakiutazama ukuta. Mtukufu hakuingia. Wakubwa wa nchi yetu hawaingii katika majengo wanayoyafungua, kwa hiyo hakuna utaratibu uliovurugika.

Tulikuwa katika ubeti wa mwisho bajaji ilipopenya katikati ya wageni. Ndani yake alikuwa Zawena, amejikunja, amekamata mkono wa mama yake. Bi. Mashavu aliruka chini miguu mitupu, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mlango uko wapi?" aliuliza.

Watu walirudi nyuma. Walimwacha peke yake kwenye matope. Kijana wa usalama alimsogelea. "Mama, nani kakutuma uulize?"

"Mwanangu anazaa! Nimekuuliza mlango uko wapi!"

Bwana Kihedu alifika mbio, kompyuta kifuani. "Mlango upo," alisema. "Mke wangu, tulia, mlango upo. Huu hapa." Aliweka kiganja ukutani, akasukuma. Alisukuma tena kwa bega. Alitazama kioo chake, ambamo mlango ulikuwa mzuri na mpana, akautazama ukuta, ambao maji ya mvua yalikuwa yakiuteremka taratibu. Nilikuwa karibu naye. Nilimwona anavyoelewa, na sitaki kumwona mtu mwingine akielewa namna ile.

"Baba," aliita Zawena kutoka kwenye bajaji. "Baba, fungua."

"Fumo!" alipiga kelele. "Nyundo! Vunja hapa!"

"Mheshimiwa, haipo kwenye mfano," alisema Bwana Fumo, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe. Siwezi kuongeza wala kupunguza."

Mhandisi Nakiete ndiye aliyeleta nyundo kubwa kutoka kwenye gari la mafundi. Alitaka kupiga mwenyewe, lakini hakuwa na hakika tena ilipo milango, maana ilikuwa imezimwa hata kwake, na mwenye neno la siri angeweza kuihamisha. Bwana Kihedu alimpokonya. Mbele ya Mtukufu, mbele ya mabalozi, mbele ya sisi sote ambao madaraja yetu hayakuruhusu, alipiga pale pale mlango ulipokuwa. Tofali la kwanza lilidondokea ndani. Mkurugenzi wa Usalama alimwamuru mwalimu wetu wa kwaya tuimbe kwa nguvu ili nyundo isisikike, nasi tukaimba, na nilikuwa nikilia huku naimba, wala sioni haya kusema hivyo.

Zawena aliingizwa kupitia tundu lile, amebebwa na baba yake na dereva wa bajaji. Mtoto alizaliwa kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa wa kike, na alipolia tulinyamaza bila kuamriwa.

*

Bwana Kihedu alikamatwa akiwa bado na vumbi la tofali kwenye nyusi. Kosa lake lilikuwa kuonesha hadharani mahali pa mlango, na aliyeliandika kosa hilo katika kanuni alikuwa yeye mwenyewe. Mwendesha mashtaka hakuweza kutaja alichokionesha, kwa kuwa ni siri, na hakimu hakuweza kukiangalia. Bwana Kihedu akapatikana na hatia ya hicho alichokifanya.

Kisha kamati ya makabidhiano ikalinganisha jengo na mfano iliyoruhusiwa kuuona, usio na milango, ikagundua tofauti moja: tundu. Ikaagiza lizibwe, jengo lifanane na mfano. Bwana Fumo akaanza kuchanganya saruji. Wanawake wa Chambogo walikuwa wameshaanza kuingia kwa tundu lile, matumbo mbele, wakiinama kidogo, na sasa kila mmoja wetu alikuwa na dada au mke anayehesabu siku zake kwa hofu. Njia ya kulinusuru ilikuwa moja tu. Mteja abadilishe mfano. Na kwa vile hakupatikana mtu mwingine aliyekubali kuwa mteja, Bwana Kihedu alikuwa bado ndiye, hata akiwa na nguo za mfungwa.

Mhandisi Nakiete aliomba kikao gerezani. Kilikuwa kikao, kwa hiyo tuliitwa. Tuliimba kwa kifupi kwenye chumba cha wageni, tukajipanga ukutani. Zawena alikuwepo na mtoto mgongoni. Askari magereza alisimama karibu sana, akisikiliza bila kujificha.

Mhandisi alifungua kompyuta. "Mheshimiwa Mteja," alisema, "bado hujanijibu swali la kwanza. Watu wataingiaje?"

Bwana Kihedu alimtazama askari, akatutazama sisi mmoja mmoja kama anayetuona kwa mara ya kwanza. Nilijua anatuhesabu, ni mazoea ya mtu. Kisha akavuta kiti mbele.

"Watakuja kwa bajaji," alisema. "Kwa machela. Wengine kwa miguu, wakisimama kila uchungu ukija. Watakuja na mvua. Kwa hiyo weka kibaraza chenye paa hapo nje, bajaji iweze kuingia chini yake. Mlango uwe mpana, machela ipite huku mama wa mzazi akimshika mkono pembeni. Uwe upande wa barabara, uonekane toka mbali. Usiwe na kizingiti."

"Tabaka limefungwa," Mhandisi alimkumbusha. "Nahitaji neno la siri."

Askari akasogea. Bwana Kihedu hakushusha sauti. "Zawena," alisema. "Neno ni Zawena. Wafungulie wote waone, wa maji, wa umeme, Fumo, na huyu askari akitaka."

Kwa kutamka vile aliongezewa kifungo, na alijua ataongezewa. Zawena aliweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, na haukuondolewa. Mhandisi aliandika, na kwenye kioo milango ikatokea mmoja mmoja, mipana.

"Na swali la pili," alisema Mhandisi kwa upole. "Watatokaje?"

Bwana Kihedu alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa amelala mdomo wazi mgongoni kwa mama yake.

"Wawili wawili," alisema. "Kila aliyeingia peke yake, atoke na mwanawe."

Mwalimu wa kwaya aliinua mkono kwa ajili ya wimbo wa kufunga, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuuanza.